Kwa Nini Mbegu Tuliyoikamua Haizai Kama Mama Yake?



Hapa kwetu Karagwe na Kyerwa wapo wanaonunua mbegu chotara za nyanya na kuvuna vizuri. Kisha hukamua mbegu katika tunda zuri kuliko yote na kuzipanda msimu unaofuata. Miche hutoka mchanganyiko: mmoja unazaa sana, mwingine majani matupu. Hapo baadhi yetu humtuhumu jirani kuwa ana kijicho. Tusimwonee, sababu imo ndani ya mbegu.

Kila mche hupokea vinasaba kutoka pande mbili, vya baba na vya mama. Mtende una dume na jike, ndiyo maana watu wa Madina waliipandikiza mitende yao kwa mikono. Ua la nyanya lina pande zote mbili, na aghalabu hujichavusha lenyewe. Ili kupata chotara, mtaalamu huondoa sehemu ya kiume ya ua kabla haijakomaa, kisha hupaka chavua ya aina nyingine. Kazi hiyo ndiyo mojawapo ya sababu zinazofanya mbegu chotara iwe ghali.

Mwaka 2010 watafiti wa Israel na Marekani walieleza jambo la ajabu kuhusu kinasaba kimoja cha nyanya, kinachoamrisha mche utoe maua. Mche wenye nakala mbili nzima ulizaa kawaida. Wenye nakala mbili mbovu ulizaa vibaya. Lakini wenye moja nzima na moja mbovu ulizidisha mavuno, hata kufikia asilimia 60. Siri ilikuwa kiasi: amri ya kutoa maua ilipungua kidogo, mche ukaendelea kukua na kutoa vichala vingi zaidi.

Sasa tupige hesabu. Mche huo ukijichavusha, kwa wastani katika watoto 4, mmoja atapata nakala mbili nzima, wawili watafanana na mzazi, na mmoja atapata mbovu zote mbili. Hicho ni kinasaba kimoja tu. Chotara ana vinasaba vingi vinavyotofautiana namna hiyo, na vyote huchanganyika upya.

Si nyanya zote zilizo hivyo. Tanya na Tengeru 97, zilizotoka Tengeru, Arusha, si chotara. Watoto wake hufanana na mama, hivyo mbegu yake yaweza kuhifadhiwa, maadamu imekamuliwa katika mche wenye afya.

Basi kabla ya kununua, tusome pakiti. Ikiandikwa F1, hiyo ni chotara, inunuliwe upya kila msimu. Tutazame pia lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu nchini. Na mwenye kukamua mbegu za chotara akaziuza kama mpya, huyo anamghushi Muislamu mwenziwe na kumharibia msimu mzima.