Chipko na Maika: Lugha ya Uongozi wa Wanawake wa Reni

Neno chipko limeingia katika maandishi ya Kiswahili kwa njia ya Kiingereza, na aghalabu huandamana na tafsiri moja tu: kukumbatia miti. Tafsiri hiyo si ya uongo, lakini ni pungufu, na upungufu wake una madhara. Humfanya msomaji awaone wanawake wa milima ya Himalaya kuwa ni watu waliosukumwa na huruma kwa miti, hali walikuwa wakidai haki, na wakiidai kwa hoja. Makala haya yanakusudia kuchunguza maneno mawili ya mgogoro huo, chipko lenyewe na maika, kwa kuwa ndani ya maneno hayo ndimo ulimo msingi wa uongozi wao.

Yafaa kwanza kueleza mambo yalivyotukia. Wilaya ya Chamoli, iliyokuwa zamani katika jimbo la Uttar Pradesh nchini India na sasa imo katika jimbo la Uttarakhand, ni nchi ya miteremko mikali. Wanaume wengi huteremka mabondeni kutafuta kazi au kuingia jeshini. Kuni, maji, majani ya mifugo na kilimo huwaangukia wanawake. Mwezi wa Julai 1970 mto Alaknanda ulifurika vibaya, na wanavijiji wakatambua kwamba miteremko iliyokatwa miti ndiyo iliyoporomoka. Hata hivyo misitu ilikuwa chini ya serikali, nayo iliendelea kunadiwa. Mwaka 1973 chama cha ushirika cha wenyeji kiliomba miti michache ya kutengenezea zana za kilimo, kikanyimwa. Miti ya aina ile ile ikatolewa kwa kampuni ya kutengeneza vyombo vya michezo. Ndipo Chandi Prasad Bhatt, kiongozi wa chama hicho, alipotoa shauri la watu kushikamana na miti ili shoka lisiifikie.

Tarehe 26 Machi 1974 wanaume wa kijiji cha Reni hawakuwapo. Walikuwa wameitwa mjini Chamoli kupokea fidia ya ardhi iliyokuwa imechukuliwa kwa ajili ya jeshi, na Bhatt naye alikuwa ameshughulishwa na maofisa wa misitu huko Gopeshwar. Siku hiyo hiyo vibarua wakapandishwa kwenda kukata miti inayokaribia 2,500. Msichana mmoja aliwaona, akakimbia kumpasha habari Gaura Devi, mjane wa jamii ya Wabhotia aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha wanawake cha kijiji. Bibi huyu hakuwa amesoma shule. Aliolewa katika nyumba iliyoishi kwa kilimo, mifugo na biashara ya sufu, akafiwa na mumewe akiwa na umri wa miaka 22. Alikusanya wanawake na wasichana wapatao 27, wakapanda msituni, wakasihi, wakabisha, wakatishwa kwa bunduki, wakakataa kuondoka. Walikesha wakilinda miti. Wanaume waliporudi walikuta jambo limekwisha amuliwa.

Sasa turejee kwenye neno. Katika Kihindi, chipakna ni kuganda, kunata, kushikamana na kitu kisibanduke. Kukumbatia kwa upendo si maana yake ya kwanza. Kiswahili kina kundi zima la vitenzi vyenye -at- ambavyo hubeba dhana ya mguso wa namna hiyo: fumbata, kamata, ambata, na kumbata yenyewe ambayo ndiyo asili ya kumbatia. Lakini katika matumizi ya kila siku kumbatia kimekwisha elemea upande wa mahaba na faraja. Mtu humkumbatia mwanawe au mgeni wake. Ambata hakina upole huo. Kupe huambata. Tena chipko ni amri, na umbo lake laweza kuelekezwa kwa watu wengi walio sawa na msemaji. Kwa hiyo tafsiri iliyo karibu zaidi ni Ambateni!, wito wa mtu aliye ndani ya kundi kwa wenzake. Ni ajabu kwamba Kiswahili, chenye kitenzi hiki tayari, kilipendelea kufuata Kiingereza.

Neno la pili ni zito zaidi. Yasimuliwa hadi leo kwamba Gaura Devi aliwaambia vibarua kuwa msitu ule ni maika yao. Maika (kwa Kigarhwali, mait) ni nyumbani kwa wazazi wa mwanamke aliyeolewa. Kwa desturi ya milima ile, bibi arusi huhamia kijiji cha mumewe, mara nyingi mbali, akawa mkamwana mwenye kazi nyingi na sauti ndogo mbele ya baba mkwe. Akienda maika hupumzika, hulishwa, na zaidi ya yote husema, kwa kuwa pale yeye ni binti wa nyumba. Yapatapo mashaka, huko ndiko akimbiliako.

Mfasiri wa Kiswahili afanyeje? Kueleza kwa urefu kuwa ni "nyumbani kwa wazazi wa mke" ni kulifisha neno. Bahati njema lugha ina kwetu na kwao. Mke akigombana na mumewe akafunga mzigo, husemwa kwamba amekwenda kwao, na hakuna aulizaye ni wapi. Methali ya mkataa kwao mtumwa huonyesha uzito wa neno hilo. Tatizo ni kwamba kwetu hutumiwa na kila mtu. Mwanamume akisema msitu huu ni kwetu, anadai ardhi ya ukoo. Akisema mwanamke aliyeolewa, anadai jambo jingine: mahali ambapo yeye ni mzaliwa wala si mgeni, na ambapo haki ya kusema haikutokana na mume. Hivyo sentensi "Msitu huu ndio kwetu" inatosha, madhali msomaji asisahaulishwe kwamba msemaji ni mwanamke.

Kwamba dai hili halikuwa la wanaume kwa sauti ya wanawake lilidhihirika mwaka 1980 huko Dungri-Paitoli. Baraza la kijiji, lililokuwa la wanaume, lilikubali msitu wa mialoni ukatwe ili kijiji kipate barabara, shule na hospitali. Wanawake wakapinga waume zao, wakaushinda uamuzi huo. Majani ya mialoni ndiyo yaliyolisha mifugo, na kazi ya kuyatafuta ilikuwa yao.

Wasomaji wa Kenya watakumbuka mfano wa karibu, ingawa haulingani kwa kila hali. Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, aliinusuru bustani ya Uhuru mwaka 1989 isijengwe jumba la ghorofa 60. Mwaka 1992 akina mama waliodai kufunguliwa kwa wana wao wafungwa wa kisiasa walikaa katika bustani hiyo hiyo. Tarehe 3 Machi, waliposhambuliwa na polisi, baadhi yao walivua nguo. Kila askari alifahamu maana yake: huyu ni mama, na laana yake ni ya mama. Akina mama wa Nairobi walisimama juu ya umama. Wanawake wa Reni walisimama juu ya ubinti. Mamlaka yote mawili ni ya ujamaa wa damu, wala hayakuombwa kwa serikali, lakini yanakwenda pande mbili kinyume, na si haki kuyachanganya chini ya jina moja la "mama mlinzi wa mazingira".

Baada ya Reni serikali iliunda kamati ya uchunguzi, na ripoti yake ikaleta marufuku ya miaka 10 ya kukata miti katika eneo la Alaknanda ya juu. Mwaka 1980 Indira Gandhi alitangaza marufuku ya miaka 15 katika Himalaya ya Uttar Pradesh. Sifa nyingi ziliwaendea Bhatt na Sunderlal Bahuguna, waliojua kuandika na kuhutubia. Gaura Devi alifariki mwaka 1991. Neno lake lilibaki: mwaka 1995 ilianza katika wilaya hiyo hiyo harakati iitwayo Maiti, ambayo bibi arusi hupanda mti kwao kabla ya kuondoka.

Tarehe 7 Februari 2021 gharika ilishuka katika bonde la Rishiganga chini ya Reni, ikachukua mtambo wa umeme na kuua au kupoteza watu zaidi ya 200. Miezi michache baadaye ardhi ya kijiji ilianza kudidimia, na sanamu ya Gaura Devi ikang'olewa mahali pake ikapelekwa Joshimath.