Kukosa Mtoto: Moyo Pia Unahitaji Tiba

Katika mitaa yetu, mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe: Mama Otieno, Mama Wambui, Mama Amina. Je, yule ambaye hajajaliwa mtoto ataitwa nani? Swali hilo humchoma dukani, katika mkutano wa chama, na hata kanisani akina mama wanapoombwa wasimame waombewe.

Tatizo hili si la wachache. Mwaka wa 2023, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kwamba mtu mzima mmoja kati ya kila sita hukumbwa na ugumu wa kupata mtoto maishani mwake. Sisi madaktari husema kuna tatizo iwapo mume na mke wamekutana kimwili mara kwa mara kwa miezi 12, bila kinga yoyote, na mimba haijatunga. Mwanamke aliyepita umri wa miaka 35 asingoje zaidi ya miezi 6.

Lakini vipimo na dawa ni nusu tu ya matibabu. Mwanamke huyu hufiwa kila mwezi. Huhesabu siku kwa matumaini; hedhi ikija huomboleza, na hakuna anayempa pole kwa sababu hakuna matanga. Polepole huanza kukwepa arusi na jamaa waliojifungua. Tendo la ndoa hugeuka kuwa kazi ya kalenda, na akiba ya kununua ploti huishia kwenye matibabu.

Ikiwa kwa majuma mawili au zaidi hulali vizuri, chakula hakipiti, hufurahii lolote na unajiona huna maana, huo si udhaifu wala upungufu wa imani. Huenda ni ugonjwa wa huzuni nzito, nao una tiba. Mweleze daktari waziwazi, hata kama ulikwenda kwa shida ya uzazi tu. Ukijiwa na mawazo ya kujiua, nenda hospitali siku iyo hiyo.

Pia, usibebe lawama peke yako. Mara nyingi kasoro huwa kwa mume, au kwa wote wawili. Kupima manii ni rahisi, hivyo mume apimwe mapema, kabla mkewe hajapitishwa katika vipimo vizito. Kwa wanawake wa nchi zetu, chanzo kimoja kikubwa ni mirija ya uzazi kuzibwa na makovu ya maambukizi kama vile kisonono na klamidia.

Kubalianeni nyumbani jibu mtakalowapa jamaa, na mume amjibu mama yake mwenyewe. Pangeni pia mtatumia pesa ngapi na kwa muda gani kabla ya kupumzika.

Nawe jirani, shangazi au mama mkwe, acha kuuliza, "Bado tu?" Ukikosa la kusema, mwalike chai, mzungumze mengine.