Koo la Mtoto, Moyo wa Mama

Mama mwenzangu, mtoto akiamka analalamika koo, wengi wetu tunamsukutulisha maji ya chumvi, tunampa chai ya tangawizi, na kesho yake anakwenda shule. Mara nyingi hapana ubaya. Koo linalokuja pamoja na mafua na kikohozi huletwa na virusi, nalo hupona lenyewe.

Lakini koo lisilo na mafua, lenye homa kali, usaha kwenye mafindofindo na tezi zilizovimba shingoni, usilifanyie mzaha. Huenda ni bakteria waitwao streptokokasi. Kinga ya mwili inapopigana nao, yaweza kumkosea adui na kuushambulia mwili wenyewe. Wiki mbili au tatu baadaye, koo limekwisha kusahauliwa, mtoto anaumwa goti, kesho kifundo cha mguu, keshokutwa kiwiko. Tunasema ni mpira, au anakua. Kumbe yaweza kuwa homa ya baridi yabisi. Viungo hupona, moyo ndio unaobaki na kovu.

Moyo una valvu nne, milango inayozuia damu isirudi nyuma. Kovu huibana au huifanya isifunge vizuri. Homa hii huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15, na msichana aweza kuishi na kovu hilo bila kujua, mpaka aolewe na kushika mimba. Mimba huongeza damu mwilini kwa karibu nusu, na mlango uliobana haupitishi. Anahema kwa hatua chache, halali bila kuegemea mito, miguu inavimba. Mawifi wanasema ni uvivu!

Kinga yake ni penisilini, dawa ya zamani isiyo ghali. Ikianzwa ndani ya siku 9 tangu koo kuuma, huzuia homa hiyo. Vidonge humezwa siku 10 kamili, hata kama mtoto amepata nafuu siku ya tatu. (Hapo ndipo tunapokosea: vilivyobaki tunamwekea mdogo wake.) Kama dawa hiyo humdhuru, mweleze daktari mapema.

Aliyekwisha kuugua homa hiyo huchomwa sindano kila wiki 3 au 4, kwa miaka mingi. Inauma, na watoto huitoroka, msindikize mwenyewe. Na binti aliyeumwa viungo namna hiyo utotoni apimwe moyo kabla ya kushika mimba.