Pikipiki Kuukuu Inataka Petroli Gani?

Nenda kijiwe chochote cha bodaboda useme kwamba petroli ya bei ya juu haiongezi nguvu kwenye injini ya zamani. Watakucheka. Wengi wanaamini injini ikishachoka inataka mafuta "makali", na ile namba ya okteni wanaisoma kama kipimo cha ukali huo. Sivyo. Petroli ya okteni 91 na ya 95 hutoa joto karibu sawa zikiungua. Kinachotofautiana ni ustahimilivu: zinaweza kugandamizwa na kupata moto kiasi gani kabla hazijawaka zenyewe, bila kusubiri cheche ya plagi.

Namba yenyewe hupatikana maabara, kwenye injini ya silinda moja inayoweza kubadilishwa mgandamizo huku ikiunguruma. Petroli hulinganishwa na mchanganyiko wa kemikali mbili: isooktani, iliyopewa 100, na heptani, iliyopewa 0. Ikigonga sawa na mchanganyiko wenye isooktani asilimia 95, nayo huitwa 95. Wamarekani hubandika kwenye pampu wastani wa vipimo viwili tofauti, ndiyo maana vitabu vya Honda nyingi za zamani vinataja okteni 86 ya pampu, au 91 kwa kipimo kinachotumika kwetu. Ni mafuta yaleyale.

Kwa hiyo usiulize kwanza pikipiki ina miaka mingapi. Uliza uwiano wake wa mgandamizo, yaani mchanganyiko wa hewa na petroli unabanwa mara ngapi pistoni inapopanda. BSA M20, iliyotumiwa na jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ina uwiano usiofika 5 kwa 1, na ilifanya kazi kwa petroli duni ya wakati ule, ya okteni ya sabini na kitu. Anayeijaza mafuta ya 98 leo anachoma pesa. Honda CG125 ya 1976, ambayo muundo wake umenakiliwa katika injini nyingi za Kichina zinazobeba abiria mitaani kwetu, ina uwiano wa karibu 9 kwa 1. Hiyo 91 inaitosha. Zinazohitaji zaidi ni pikipiki za mbio zenye uwiano wa 10 kwa 1 na kuendelea, au ile ambayo fundi ameikwangua silinda hedi ili "ichanganye vizuri". Hapo 95 si anasa.

Utajuaje kwamba okteni haitoshi? Pakia abiria, panda mlima kwa gia kubwa, vuta mafuta mpaka mwisho huku injini ikizunguka polepole. Mlio mkavu wa kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo ndio huo: injini inagonga. Ukishusha gia, mlio unapungua au unakata kabisa. Usiuchanganye na kelele za valvu zilizolegea, ambazo utazisikia hata pikipiki ikiwa imesimama bila mzigo.

Lakini injini iliyokuwa haigongi ikianza kugonga, na petroli ni ileile, mimi siilaumu petroli kwanza. Injini kuukuu huvuta oili, oili huacha kaboni juu ya pistoni. Kaboni inapunguza nafasi, mgandamizo unapanda, na kipande chake kinaweza kubaki chekundu kama kaa na kuwasha mafuta kabla ya wakati. Mpira unaounganisha kabureta na injini nao ukipasuka, hewa ya ziada inaingia na joto linapanda. Chomoa plagi uitazame kwenye mwanga wa jua. Ncha ya kahawia ni afya. Nyeupe ya chaki ina maana injini inaungua kwa hewa nyingi, au plagi si ya joto linalotakiwa. Okteni kubwa itanyamazisha mlio huo kwa muda, ugonjwa ukabaki palepale.

Mahali napo pana uzito wake. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, silinda haijai kama ijaavyo Mombasa. Pikipiki iliyotulia kabisa Nairobi inaweza kugonga ikishushwa pwani kwenye joto.

Wazee hukumbuka petroli yenye madini ya risasi na kusema ndiyo iliyokuwa mafuta. Risasi ilipandisha okteni kwa bei rahisi na kulinda viti laini vya valvu, lakini ni sumu, na kufikia mwanzo wa 2006 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimeiacha. Pikipiki za Kijapani zenye silinda hedi ya alumini zina viti vya chuma kigumu vilivyopachikwa, hivyo hazikupoteza kitu. Wenye haki ya kuwa na wasiwasi ni wachache wenye hedi za chuma cha kusubu ambamo viti vya valvu vimekatwa moja kwa moja, tena wanaokimbiza mashine kwa mwendo mrefu.

Zile za mapigo mawili, kama Yamaha AG100, zina mtihani wao. Oili ya injini ya gari ikitumiwa badala ya oili yake, majivu hurundikana kwenye plagi na pistoni, na kugonga kunafuata. Zinazochanganyiwa tankini, kwa uwiano wa 1 kwa 50, lita tano hutaka mililita 100. Pima kwa chupa yenye alama. Kukadiria kwa kizibo ndiko kunakoua pistoni.

Adui mkubwa kuliko yote hapa kwetu ni uchakachuaji, yaani petroli kuchanganywa na mafuta ya taa. Mafuta ya taa yana okteni ya chini mno, na kiasi kisichoungua huteremka kwenye kuta za silinda na kuizimua oili. Tanzania ilianza kuweka vinasaba, yaani kemikali za utambulisho, kwenye mafuta mwaka 2010, kisha ikapandisha kodi ya mafuta ya taa. Kenya nayo iliiongeza 2018. Vishawishi vikapungua, lakini vinasaba vya petroli ya chupa ya kando ya barabara huwezi kuvikagua mwenyewe. Dondoshea tone moja kwenye karatasi nyeupe, mbali na moto. Petroli safi hukauka upesi bila kuacha kitu cha maana. Ikibaki duara ya mafuta, kuna kilichochanganywa. Kipimo hiki hakifai kwa petroli iliyokwisha kuchanganywa na oili.

Na kama pikipiki inalala wiki nyingi, funga koki, iache iungurume mpaka izime yenyewe, kabureta ikauke. Petroli ya zamani huacha utomvu kwenye jeti, na hapo 95 wala 98 haitazibua tundu.