Impala ya 1964 au Regal ya 1984: loraida ipi inakula pesa zaidi?

Sema unataka kujenga loraida, yaani gari la zamani lililoshushwa na kupambwa, na watu wa East Los Angeles watakutajia Chevrolet Impala ya 1964 kabla hujamaliza sentensi. Ndiyo maana bei yake haishikiki. Ya milango miwili, sakafu imeliwa na kutu na injini haiwaki, mwenyewe bado anaweza kutaka zaidi ya dola 10,000. Ya kufunguka paa, iliyotengenezwa ikatengenezeka, hupita dola 60,000 na hakuna anayeshtuka. Ya milango minne, yenye sura ileile na taa zilezile, huuzwa kwa bei ya chini sana kwa sababu wenye mchezo wao wanaidharau. Kama unataka gari la kutembeza familia Jumapili na si la kushindania vikombe, ichangamkie hiyo.

Buick Regal ya 1984 ina hesabu nyingine. Inayotembea hupatikana kwa chini ya dola 10,000, na spea zake si za kutafuta kwa tochi. Kinachowaumiza wanunuzi huja baadaye, kwenye kipimo cha moshi. California imeyasamehe magari ya 1975 kurudi nyuma. Regal hupimwa kila baada ya miaka miwili, na mipira ya vakyumu pamoja na kabureta inayoongozwa na kompyuta lazima viwe mahali pake. Impala haiulizwi lolote.

Kabla ya kutoa hela, nenda na sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa. Ipitishe chini ya milango, nyuma ya matairi ya nyuma na kuzunguka kioo cha nyuma. Isiposhika, hapo hakuna bati, kuna puti. Kisha inua zulia la buti. Sakafu iliyooza inatibika, maana bati zake huuzwa zikiwa zimekunjwa tayari, ila kazi ya kukata na kuchomelea hulipwa kwa saa, na saa hizo ndizo zinazowamaliza watu. Afadhali injini iliyokufa ndani ya bodi nzima kuliko injini nzima ndani ya bodi iliyooza.

Sasa ugomvi wenyewe: haidroliki au mifuko ya hewa? Haidroliki ilianza kama ujanja. Kuanzia 1958 California ilipiga marufuku gari lenye sehemu yoyote iliyoshuka chini ya ukingo wa rimu. Mwaka uliofuata Ron Aguirre akafunga pampu za ndege kwenye Corvette yake, akawa anaiinua na kuishusha apendavyo. Marufuku hiyo imeondolewa tangu 1 Januari 2024, kwa hiyo leo anayefunga haidroliki hakwepi faini, anataka gari liruke. Na bili yake haiishii kwenye pampu. Betri sita ndani ya buti hupita kilo 120, huchajiwa kila baada ya matembezi, na buti lazima lipitishe hewa maana betri zikichajiwa hutoa haidrojeni. Chasisi ya Impala ya 1964 ina umbo la herufi X, nyembamba katikati. Ukiirusha bila kuivisha bati nene, ipo siku itapasuka. Ya Regal nayo inataka kuimarishwa. Kuitenga bodi na chasisi, kuchomelea, kisha kuirudisha, kunaweza kuzidi bei ya pampu zenyewe.

Mifuko ya hewa, kompresa na tangi vinalishusha gari hadi karibu na lami na kuliinua taratibu, bila kuruka. Kwa gari la kila siku mimi ningefunga hewa na kuwaacha wenye haidroliki wacheke.

Kwenye rangi ndiko pesa inakopotea bila kelele. Rangi ya kendi huanzia kwenye msingi wa fedha au dhahabu, halafu fundi hupuliza tabaka baada ya tabaka za rangi inayopitisha mwanga, kisha vanishi. Kila tabaka linaikoleza. Kwa hiyo mkwaruzo wa mlangoni hauzibiki kwa kupuliza palepale: tabaka moja likizidi, mlango unakolea kuliko bodi inayoufuata, na mara nyingi upande mzima unapigwa upya. Gypsy Rose, Impala ya 1964 ya Jesse Valadez iliyochorwa mawaridi mwili mzima, iliingizwa 2017 kwenye rejista ya kitaifa ya magari ya kihistoria ya Marekani. Rangi ya namna ile si ya gari linaloegeshwa sokoni. Piga rangi ya kawaida iliyo safi, uweke kendi na michoro paani tu, na hutajuta.

Rimu za spoki za Dayton hugharimu dola elfu kadhaa kwa seti. Za Kichina hazifiki nusu yake na kwa matembezi ya polepole zinatosha. Krome usiiahirishe: California imepanga kuzuia uwekaji wa mapambo ya krome ya aina ya zamani kuanzia 2027, na karakana zinazobaki zitaogesha bampa kwa bei zinazotaka.

Kununua loraida iliyokwisha kujengwa mara nyingi ni nafuu kuliko kujenga, kwa kuwa muuzaji harudishiwi saa za mafundi. Mwombe picha za chasisi kabla haijafunikwa, na kama hana, punguza bei. Bima iwe ya thamani mliyoafikiana na kampuni ya bima kwenye mkataba, la sivyo ukigongwa utalipwa kama mwenye Buick kuukuu.