Fahamu: Barafu ya injini katika anga la joto

Joto la Gurei, magharibi mwa Juba, lisikudanganye. Wingu la radi linalojengeka hapo jioni hupandisha unyevu hadi mita 10,000 na zaidi, kwenye baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri au kali kuliko hiyo. Huko unyevu huwa chembe za barafu, ndogo mno hata rada ya ndege huziona kwa shida.

Tarehe 24 Julai 2014, ndege iliyokodiwa na Air Algérie ilianguka Mali. Wote 116 walikufa. Barafu ya aina hiyo iliziba vihisi vya shinikizo vya injini, vipimo vikapotoka, mfumo wa kujiendesha ukapunguza nguvu, mwendo ukashuka. Kinga ya barafu ya injini haikuwa imewashwa. Inauma: swichi ilikuwepo.

Rubani anayelizunguka wingu anastahili shukrani, hata akichelewa.