Fahamu: Sindano ya maumivu ya mbwa iliyozua maswali

Desemba 2024, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliwaandikia madaktari wa mifugo kuhusu Librela, sindano ya kila mwezi kwa mbwa ambao viungo vyao vimelika. Barua ilitaja mbwa waliopepesuka, walioshikwa na degedege, walioshindwa kusimama, na waliokunywa maji na kukojoa kupita kawaida. Wengine walikufa.

Taarifa hizo peke yake hazithibitishi kwamba dawa ndiyo chanzo, kwani mbwa mzee huwa na maradhi mengine pia. Hata hivyo, mwenye mbwa ana haki ya kuelezwa hayo yote kabla ya sindano, si baada yake.

Librela hufunga protini inayochochea neva kuhisi maumivu. Vidonge vya zamani kama karprofeni hufanya kazi tofauti: huzuia kemikali zinazoleta uvimbe, ambazo pia husaidia kulinda tumbo na figo. Ndiyo maana mbwa akitapika, akikataa chakula, akitoa kinyesi cheusi kama lami au macho yakiwa ya njano, simamisha vidonge na umpigie daktari siku hiyohiyo. Mweleze pia kama mbwa anatumia steroidi. Kuchanganya steroidi na vidonge hivyo huongeza hatari ya vidonda vya tumbo.

Kinachonitia hofu zaidi ni dawa zetu wenyewe. Ibuprofeni inaweza kutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo; paracetamol, ini. Mbwa akizimeza, usisubiri dalili, mpeleke kwa daktari.